Karoti za Kitanda cha Kumi na Nne

Nyie niliowaacha wiki jana mlangoni mwa jiko la Bi Mwiko, ingieni upesi na mfunge mlango. Baridi ya msimu huu haibishi hodi.

Na wewe uliyechelewa, sogea nikupashe. Bi Mwiko ni mpishi wa hospitali, mwaka wa ishirini na sita huu. Binti yake wa mwisho, Kitinda, fundi simu, amepata mchumba, na wazazi wa kijana wamekuja kulala siku tatu ili kuwaona hawa wakwe ni watu gani. Baba ni Mkaguzi wa mizani, mrefu, mkavu, saa mkononi. Mama ni Mwalimu Mkuu, ana sauti ya kusimamisha gwaride. Jana walipofika tu, Mkaguzi alisema maneno yaliyowanyima mama na mwana usingizi: "Mizani ikidanganya gramu moja, naipiga marufuku. Na nyumba yenye siri, mwanangu hataoa."

Leo wamekula chakula cha mchana. Sahani zimerudi jikoni. Bi Mwiko kaishika moja, kaitazama, kapiga yowe.

"Mama! Umeona panya?" Kitinda akaja mbio.

"Nimeona mtu aliyekufa."

"Wapi?"

"Hapa kwenye sahani. Na amemaliza wali wote."

Kitinda akaichungulia. Ukingoni palikuwa na vipande saba vya karoti vilivyopangwa kwa mstari kama meno ya chini. Katikati, kijiko kimelazwa kifudifudi. Basi.

"Mama, ni karoti."

"Wewe unaona karoti. Mimi namwona Kumi na Nne."

Hapo Bi Mwiko akavuta kigoda, akamsimulia bintiye. Jiko la hospitali liko chini kabisa, nyuma ya jengo. Mpishi hawaoni wagonjwa. Masinia hupanda kwa toroli yakiwa na namba za vitanda, na hushuka na mabaki. Miaka ishirini na sita, Bi Mwiko amewajua watu kwa walichokiacha. Anayebakiza ganda la mkate meno yanamuuma. Anayerudisha mfupa mweupe anakaribia kuruhusiwa.

Kitanda cha kumi na nne kilikuja msimu wa baridi uliopita. Sinia lake lilikuwa na plasta ya buluu, yaani chumvi marufuku, kwa sababu ya presha. Siku ya tatu sahani ikashuka na karoti zimepangwa hivi hivi, na chini yake kijikaratasi: "Mpishi, chumvi ya hospitali hii imefungwa kwenye sefu gani?"

Bi Mwiko alicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kulikoni. Mchana akaficha kipande cha ndimu chini ya mfuniko. Jioni kikarudi kijikaratasi kingine: "Mungu akupe unachotaka."

Hivyo hivyo siku kumi na tisa. Wakawa marafiki, wala hawajaonana hata kisigino. Halafu asubuhi moja likaja la mwisho: "Kesho napasuliwa. Naogopa. Nyumbani hawajui niko hapa, nimewaambia niko safari ya kazi."

Bi Mwiko akaandika jibu, akaliweka chini ya sahani ya mchana. Ile sahani ikarudi nzima. Mfuniko haujafunuliwa, karatasi haijaguswa. Keshokutwa yake namba kumi na nne ilikuwa na mtu mwingine, asiye na plasta, anayekula karoti.

Hakuuliza. Wapishi wa hospitali hawaulizi, maana ukiulizia mmoja utaulizia wote. Aliingia stoo ya viazi, akalia, akatoka, akaendelea kumenya.

"Nani kalia sahani hii?" akauliza sasa.

"Iliyokuwa karibu na jiko la mkaa? Mama mkwe. Nilimwekea kiti mwenyewe, apate joto." Kitinda akaona uso wa mama yake unavyong'aa, akaanza kuogopa. "Mama. Usiseme kitu."

"Yu hai, mwanangu! Kumi na Nne yu hai, na anakuwa mkwe wangu!"

"Na alimficha mumewe! Umesahau ya jana? Nyumba yenye siri? Mama, chonde, baba mkwe akisikia harusi yangu imekwisha!"

"Nani kasema nitapiga baragumu? Nitamnong'oneza tu kwamba siri yake iko salama."

"Basi subiri hata wikiendi ipite. Baba mdogo anakuja saa kumi kunywa chai, tutakuwa wengi, tutacheka, tutasikiliza hadithi yake..."

"Ile ya suruali? Wageni wa watu wamekosa nini?"

Baba mdogo huyo ni shemeji yake Bi Mwiko, daktari. Kila mkutano wa familia lazima asimulie alivyoibiwa suruali ya sufu kazini. Watoto wadogo wa ukoo huu wanaijua hadithi hiyo kabla ya kujua kuhesabu.

Lakini Bi Mwiko alikuwa ameshafuta mikono kwenye aproni. Mama huyu akishashika mwiko, huwezi kumpokonya.

*

Mwalimu Mkuu alikuwa chumbani, blanketi mbili mabegani, anahangaika na kitanda. Chumba ni cha Bi Mwiko mwenyewe. Yeye na bintiye wamehamia kwenye godoro chini jikoni. Kawapa wageni vilivyo bora: shuka mpya, chupa mbili za maji ya moto zilizovalishwa soksi, na kitanda kilichotandikwa kihospitali, shuka imekazwa mpaka ukidondosha ufunguo unaruka.

"Mkwe, karibu," Mwalimu akasema. "Nifundishe jambo hili. Jana nimesukuma miguu nusu saa, haiingii kwenye shuka. Mume wangu kaingia mara moja kama barua kwenye bahasha. Nimeshangaa."

Bi Mwiko hakusikia hata neno. Alifunga mlango, akaishika mikono ya mgeni wake, machozi tayari yako njiani.

"Kumbe uko hai!"

Mwalimu akajitazama. "Namshukuru Mungu. Kuna aliyesema vingine?"

"Kumi na Nne wangu! Usiogope, siri yako nimeifukia. Mimi ndiye yule wa ndimu."

"Ndimu ipi?"

"Usinifiche mimi. Siku kumi na tisa, msimu wa baridi uliopita. Wodi ya tatu. Uliwaambia wa nyumbani uko safari ya kazi, kumbe unasubiri kupasuliwa!"

Mwalimu aliacha mikono yake ishikwe, lakini macho yakabadilika. Ni yale macho ya mtu anayekagua daftari akakuta ukurasa umechanwa.

"Siku kumi na tisa," akarudia polepole. "Umejuaje kama ni mimi?"

"Karoti! Umezipanga vilevile, saba, na kijiko kifudifudi."

"Mkwe. Mimi karoti nakula. Nimekula zangu na nikaongeza."

"Lakini kiti cha karibu na jiko..."

"Jiko lilinichoma mgongo. Kitinda alipokwenda kuleta maji, nikabadilishana na baba watoto."

Bi Mwiko akaiachia mikono ya mgeni wake.

Jamani! Mwanamke aliyeficha siri ya mgonjwa asiyemjua mwaka mzima, leo kaimwaga yote mbele ya mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akifichwa!

Mwalimu alikaa kitandani, akaanza kucheka. Kicheko kikapanda, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko.

"Aliniaga anakwenda mafunzo ya mizani mipya. Nikapiga simu ofisini kwao, wakaniambia hakuna mafunzo. Mkwe, mwaka mzima! Mwaka mzima nalala na mtu huku najua ana mwanamke. Karudi amekonda. Karudi na suruali mpya isiyomfika hata kwenye vifundo, nikasema moyoni, huyo mwanamke hata kipimo cha bwana wake hakijui! Na anaipenda, kila siku ya baridi ni hiyo hiyo. Hata leo kaivaa!"

"Pole, mama. Pole sana."

"Usinipe pole. Kumbe mwanamke mwenyewe ni wewe, unampelekea ndimu!" Akafuta macho kwa pembe ya blanketi. Kisha akasimama, akavuta pumzi, na nyumba nzima ikasikia sauti iliyolea shule kwa miaka kumi na minane.

"BABA WATOTO!"

Bi Mwiko alitangulia mbio jikoni, lakini kuta za nyumba ile ni nyembamba. Mkaguzi alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama karibu na jiko, koti limefungwa vifungo vyote, anatazama saa yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

"Binti," alimwambia Kitinda, "toa sanduku letu nje barazani. Tunaondoka."

"Baba, tafadhali..."

"Sanduku, mwanangu."

Kitinda alilibeba, machozi yanamtiririka. Zito kama jiwe la kusagia, na Mkaguzi hulipanga mwenyewe, haachii mtu. Jana pia alilibeba peke yake kutoka stendi, na Mkaguzi akatembea pembeni mikono mitupu. Mama na mwana walikubaliana kwamba huyo bwana ana majivuno.

Mkaguzi akamgeukia Bi Mwiko. "Umenivunjia nyumba."

Hapo Bi Mwiko angeweza kuomba radhi. Ndivyo mwenye nyumba anavyotakiwa kwa mgeni, tena mkwe, tena harusi ya mwanawe ikining'inia kwenye uzi. Lakini alikuwa na donge la mwaka mzima.

"Mimi nilikulilia," akasema. "Unanisikia, baba? Nililia kwenye viazi kwa ajili ya mtu nisiyemjua sura. Sahani yako ilirudi nzima. Nikakuzika. Leo unanilia wali wangu, unapanga karoti zako, halafu unaniambia nimekuvunjia nyumba! Niambie kwanza. Kwa nini ile sahani ilirudi nzima?"

Mtu yule mrefu akakunjika, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, magoti yakamfika kifuani.

"Nilitoroka," akasema.

"Ulifanya nini?"

"Asubuhi ile baada ya kukuandikia, walipita wakampeleka jirani yangu wa kumi na tatu. Nikasikia magurudumu ya kile kitanda yanavyolia. Nikashuka kitandani na lile gauni lao lililo wazi mgongoni. Nguo zangu walizifungia stoo. Nika... nikapata nguo. Nikatokea mlango wa nyuma. Nilipita jikoni kwako, mama. Ulikuwa umenipa mgongo, unakoroga."

"Ungesema hata neno!"

"Niseme nini? Kwamba mwanamume mzima anakimbia?"

Bi Mwiko akashika kichwa. Polepole akaanza kujumlisha. "Kwa hiyo hukupasuliwa."

"Sijapasuliwa."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Mlangoni pakasikika kitu kikitua. Ni blanketi zimemdondoka Mwalimu mabegani.

"Ugonjwa gani?" akauliza. Sauti ya gwaride ilikuwa imekwisha. Ilibaki ya mke.

"Ngiri," akajibu Mkaguzi, akiitazama sakafu.

"Ngiri! Ndiyo maana hubebi hata ndoo! Ndiyo maana ukipiga chafya unashika ukuta! Mwaka mzima nakuchunia, na wewe unaumwa pembeni yangu?"

"Nilitaka kukuambia. Kila nikianza, unanitazama kama mwizi. Nikaona bora ubaki na hasira kuliko ubaki na hofu."

"Hiyo si juu yako kunichagulia!"

Kitinda alikuwa amerudi, amebana ukutani. Hakuna aliyemkumbuka. Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Na sufuria yenyewe, wasomaji wangu, ilikuwa ya kulisha wodi tatu, maana Bi Mwiko hajui kupika kwa watu wanne. Mkono wake umezoea mia mbili. Mwalimu akachota supu bakuli moja, akaiweka mbele ya mumewe juu ya meza.

"Sikiliza. Nakupa mpaka supu hii ipoe. Ukikubali kurudi hospitali, tunakwenda wote, mkono kwa mkono, nami sitalitaja tena. Usipokubali, napanda basi la jioni peke yangu. Na harusi ya watoto tusiizungumze. Sitakaa mezani kuwafundisha wenzangu ndoa, yangu mwenyewe ikiwa ya kudanganyana."

"Mama!" Kitinda akapiga ukelele.

"Nyamaza, mwanangu. Supu inapoa."

Na kweli ilikuwa inapoa. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika tangu juzi, pamezibwa kwa boksi, na baridi inapenya kama imelipiwa nauli. Mvuke ulianza mnene, ukawa mwembamba. Mkaguzi hakugusa kijiko.

Bi Mwiko akanyoosha mkono kulisogeza bakuli karibu na moto.

"Usisogeze!" akasema Mwalimu.

"Sisogezi. Nafunika." Akachukua mfuniko wa bati, uleule wa aina ya kazini, akageuka upande wa rafu yake ya viungo. Huko alikaa kidogo, amewapa mgongo, kopo moja likalia. Kisha akarudi, akalifunika bakuli.

"Huo ni ujanja, mkwe."

"Ni kazi yangu, mkwe. Chakula cha mgonjwa hufunikwa."

Dakika moja. Mbili. Hatimaye Mkaguzi akafunua. Ndani ya mfuniko palikuwa pamebandikwa kijikaratasi, cha njano kidogo, kinachonuka mdalasini. Mwandiko haukuwa wake. Lilikuwa lile jibu, ambalo lilipanda wodi ya tatu chini ya sahani na kushuka bila kusomwa, na mpishi mmoja akashindwa kulitupa.

Akalisoma. Midomo ilikuwa inacheza.

"Kumi na Nne, usiogope. Kesho hutakula kitu. Keshokutwa uji. Siku ya tatu nitakuibia chembe tatu za chumvi. Mimi niko hapa chini, siendi popote. Wewe rudisha sahani tu, nijue uko hai."

Mtu aliyepiga marufuku mizani ya mji mzima akaweka karatasi usoni, mabega yakamtikisika. Mwalimu alisogea hatua moja, akasimama, akasogea nyingine.

Kisha Mkaguzi akashika kijiko. Akala supu ile ya vuguvugu, yote, bila kuinua kichwa. Akatoa karoti moja moja, akazipanga ukingoni. Akalaza kijiko kifudifudi. Akasimama, akalikabidhi bakuli kwa mikono miwili.

"Mama," akamwambia Bi Mwiko, "nimerudisha."

Bi Mwiko alilipokea, akalia waziwazi, hana tena haja ya stoo ya viazi. Mwalimu akamkumbatia mumewe kwa uangalifu, kama anayebeba mayai, akamwambia sikioni mambo ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kitinda alikuwa anaruka papo hapo, analia na kucheka, anatafuta simu amwambie mchumba wake.

"Nitakwenda," akasema Mkaguzi. "Hata kesho. Ila yule daktari... sijui kama atakubali kuniona."

"Kwani atakuuma?" Bi Mwiko akapenga kamasi kwa aproni, furaha imemrudia yote. "Tena bahati yako! Mpasuaji wa wodi ya tatu ni shemeji yangu, baba mdogo wake Kitinda. Anakuja hapa saa kumi kunywa chai."

Mkaguzi akatazama saa yake. Saa kumi kasoro dakika mbili. Rangi ikamtoka.

"Shemeji yako... ni mtu mfupi?"

"Mfupi, ndiyo."

"Ana kovu kidevuni? Anacheka kwa sauti?"

"Huyo huyo! Kumbe unamkumbuka!"

Mkaguzi alikuwa ameinama, anajitazama miguu. Kitinda akayafuata macho yake. Bi Mwiko naye akayafuata. Suruali ya sufu, ya kijivu, safi, ya kitambaa cha bei, imeishia juu kabisa ya vifundo vya miguu.

"Ee Mungu wangu," Bi Mwiko akasema taratibu. "Ile nguo uliyoipata."

"Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha madaktari," Mkaguzi akanong'ona. "Nilikuwa na haraka."

"Ivue!" Mwalimu akamsukuma. "Kavae nyingine, upesi!"

"Nyingine zote ziko kwenye sanduku!"

"Sanduku liko wapi?"

Wote watatu wakamgeukia Kitinda. Kitinda akaziba mdomo kwa mikono miwili, akatazama mlango wa barazani.

"Hodi humu ndani!" sauti nene ikanguruma kutoka nje, na kicheko nyuma yake. "Shemeji, supu inanukia mpaka barabarani! Wageni wako wapi niwasimulie habari ya suruali yangu? Na hili sanduku lililofumuka hapa baada ya mimi kujikwaa nalo, mbona ndani yake kuna gauni la wodi yangu?"